Disketi ya Saba

"Mama Erica, hivi hivyo vibao vyeusi juu ya spika ndivyo vinavyoifanya redio yako iimbe kuliko za kwetu?"

Swali hilo aliliuliza jirani, Mwanamvua mama Khairat, siku ya kwanza alipoingia sebuleni kwa Priska pale Makutupora kuomba chumvi, na ni miaka mingi sasa. Priska alicheka mpaka akashika mlango. Akamweleza kwamba hivyo si vya redio, ni disketi. Mume wake, marehemu Octavian, alikuwa karani wa kupiga chapa kwenye ofisi moja mjini Dodoma. Kazi za ofisi zikiisha, alikuwa akibaki na kompyuta akaandika mambo yake mwenyewe na kuyahifadhi humo.

Mwanamvua alichukua kimoja, akakigeuza huku na huku. "Mbona sioni herufi hata moja?"

"Ziko ndani."

"Kama roho."

"Haya, kama roho," Priska akakubali, akampa chumvi.

Juu ya spika hapakuwa mahali pa hivi hivi. Spika yenyewe ilikuwa kubwa, yenye kufika kiunoni, na Priska aliitandika kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake. Hapo palikaa picha ya harusi yao, Biblia, na lile boksi la disketi, vitu vitatu ambavyo mgeni hakuruhusiwa kuviwekea kikombe cha chai karibu. Kila Jumamosi alizifuta disketi vumbi, na vumbi la Makutupora mnalijua, halingoji mwaliko. Kila jioni nyimbo za kwaya zilivuma chini yake, naye akaona ndivyo inavyofaa, maana marehemu alipenda kwaya. Siku alipokuwa mgonjwa sana alimwambia, "Maneno ya baba kuhusu ukoo nimeyaweka kwenye disketi. Yatunze." Priska akayatunza. Ni maneno gani, hakuuliza, na mgonjwa hakuongeza.

Miaka ikaenda. Erica, binti yao wa pekee, akakua, akasoma, akapata kazi kwenye masjala ya wizara huko Mtumba, mji wa serikali, akawa karani kama baba yake. Huko huko akakutana na Denis, mwalimu wa Chamwino aliyekuja kufuatilia uhamisho wake. Uhamisho haukupatikana ila mchumba alipatikana. Wakaja wazee wa Denis kujitambulisha, wali ukaliwa, soda zikanywewa, na mambo yote yalikwenda kama gari kwenye lami hadi pale Ludovick, mjomba wa Denis, alipoanza kuutaja ukoo wao. Akataja huku, akataja kule, akafika kwa bibi mzaa mama wa Denis, ambaye alikuwa binti wa mzee Mahinyila.

Thobias akaweka soda yake chini.

Huyu Thobias alikuwa kaka mkubwa wa marehemu Octavian, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukoo. Ukoo wao ulikuwa wa heshima zamani, wa watu walioombea mvua, na kila kikao Thobias alikifungua kwa kuwataja mababu saba mfululizo, macho ameyafumba. Kiti cha mbele kilikuwa chake hata kwenye nyumba ambazo si zake.

"Mahinyila gani huyo?" akauliza.

"Wa Chamwino. Aliyekuwa na ng'ombe wengi."

"Basi tufunge maneno hapa." Thobias akasimama. "Mahinyila na babu yetu Chilongani ni mtu na mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja. Hawa watoto ni ndugu. Hakuna ndoa hapa."

Ludovick akakodoa macho. "Mzee mwenzangu, mbona sisi kwetu hatukuliona hilo?"

"Ndiyo maana mimi nipo."

Erica alikuwa anabeba trei. Haikuanguka, lakini vikombe viliongea. Priska akamtazama binti yake, akamtazama Denis ambaye alikuwa anajitazama viatu, kisha akasema taratibu, "Shemeji, baba Erica aliniambia aliandika maneno ya baba yenu, mzee Matonya, kuhusu ukoo. Tungetazama kwanza."

"Mama Erica," Thobias akasema, wala si kwa ukali, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo, "wewe hapa umeolewa tu. Mambo ya damu waachie wenye damu."

Mchungaji alipopata habari hakutaka ugomvi na yeyote. Akampa Priska karatasi ya kanisa yenye mistari miwili: mzee wa upande wa mume na mzee wa upande wa mke watie sahihi kwamba hakuna zuio la undugu. Ludovick alishatia. "Ikirudi Jumamosi na sahihi ya mzee Thobias, Jumapili natangaza mara ya kwanza," akasema mchungaji. "Isiporudi, mama, mimi sifungishi ndugu. Na ninyi msingetaka nifungishe."

Hilo la mwisho Priska alilibeba hadi nyumbani, maana lilikuwa kweli. Akapiga magoti mbele ya kochi. "Bwana," akasema, "kama ni ndugu nionyeshe, nami nitamwambia binti yangu kwa mdomo wangu. Kama si ndugu, nionyeshe upesi, maana leo ni Jumanne na karatasi inatakiwa Jumamosi. Amina."

Jumatano asubuhi alilifunga lile boksi kwenye khanga, akaenda mjini.

Kwenye steshenari ya kwanza, binti wa kaunta alichukua disketi moja, akatabasamu kama aliyekutana na mtu maarufu. "Jamani! Hii si ile picha ya kubonyeza ukitaka kuhifadhi? Kumbe ni kitu cha kweli?"

"Ni cha kweli, mwanangu. Nataka usome kilichomo."

"Tunasoma flashi tu, mama. Hii sijui hata inaingia wapi." Akaizungusha kompyuta yake, akatazama ubavuni na mgongoni, kwa dhati kabisa, kama anayemtafutia mgeni mahali pa kukaa. Hapakuwa na tundu. Kabla Priska hajaondoka, akaomba kupiga nayo picha.

Steshenari ya pili wakamwambia ajaribu ya tatu, na ya tatu wakamwambia wameshafunga mambo ya kaseti. Erica naye akapiga simu kutoka Mtumba: ameuliza ofisi nzima, na mzee mmoja tu ndiye aliyezikumbuka, akasema mashine za namna hiyo waliziuza kwa mnada zamani. "Ila mama, anasema yupo fundi wa redio nyuma ya soko, anaitwa Hanifu. Huyo hatupi kitu."

Hanifu kweli hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kibanda chake kilikuwa na redio za mkulima, pasi, feni zisizo na mapanga, na yeye mwenyewe katikati, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa waya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimeambiwa wewe unayo mashine ya kusoma hizi."

Hanifu akalitazama boksi, akalitazama tena. Bila kujibu akaanza kuondoa birika, vikombe vitatu na sufuria ya maharage kutoka juu ya kitu kilichokaa kama kimeza pembeni. Chini ya vyote hivyo kulikuwa na kompyuta ya zamani, ya rangi iliyokuwa nyeupe, na mbele yake mdomo mwembamba.

"Mke wangu ananiambia niitupe kila mwaka," akasema kwa furaha. "Leo nitampigia simu."

Akaiwasha. Ilichukua muda mrefu kuamka, ikinguruma na kukohoa. Akatia disketi ya kwanza. Ndani kukasikika mkwaruzo, kama kuku anayechakura, kisha kimya. Akatia ya pili na ya tatu. Kila moja kuku akachakura, asipate kitu. Kufika ya kumi na moja Hanifu alikuwa amevua miwani.

"Mama, hizi zilikuwa zinakaa wapi?"

Hapo Priska akajinyoosha, maana hili alilijibu bila aibu yoyote. "Mahali pa heshima kuliko pote nyumbani kwangu. Juu ya spika ya redio. Kwenye kitambaa, na kila Jumamosi nazifuta."

Hanifu akafunika uso kwa mkono.

"Nini, baba?"

"Spika ina sumaku, mama. Kubwa. Maandishi ya humu ndani yameshikwa kwa sumaku, na sumaku ndiyo inayoyafuta. Ungeziweka kwenye banda la mbuzi zingekuwa na nafuu."

Priska akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miaka yote ile, jioni baada ya jioni, amekaa kwenye kochi akisikiliza kwaya na kuzitazama zile disketi kwa mapenzi, na kumbe kwaya ilikuwa inakula maneno ya mume wake ubeti kwa ubeti. Alitaka kulia, kikaja kicheko, kikamponyoka, na Hanifu naye akacheka, kisha wote wawili wakanyamaza kwa sababu ya Erica, ambaye Hanifu hakumjua lakini alishaelezwa.

"Ngoja kwanza," Hanifu akasema. Chini kabisa ya boksi alikuta karatasi iliyokunjwa, mwandiko mzuri wa Octavian, orodha. Moja, barua za ofisi. Mbili, barua za ofisi. Akashuka kwa kidole. "Saba: Ukoo, maneno ya baba. Mama, hapa zipo kumi na moja, na orodha ina kumi na mbili. Ya saba haimo."

Priska akafumba macho na kutafuta kichwani kama anavyotafuta funguo, chumba kwa chumba, akaanza sebuleni, akaja jikoni, akatoka uani. Akaona mkono wenye unga hadi kiwikoni ukichungulia dirishani. *Jirani, kikwangulio changu kimevunjika na kinyunya cha chapati kimenigandia kwenye meza, nipe kimoja cha vile vibao, vya kwako viko vingi.*

Naye Priska, akiwa na haraka, alimpa cha juu bila kusoma lebo. "Ee Mungu wangu," akasema. "Iko kwenye chapati."

Mwanamvua alipoelezwa asubuhi iliyofuata hakufurahi hata kidogo. "Kile kikwangulio changu? Mama Erica, kuna vitu vya kuomba! Kina upande wa bati na upande wa plastiki, hakuna duka linalouza kama kile."

"Mama Khairat, humo ndimo ilimo ndoa ya Erica."

"Humo?" Mwanamvua akakitazama kikwangulio, unga umeganda kwenye kila pembe, na lebo imebaki kipande chenye tarakimu moja tu. Akalivuta baibui lake msumarini. "Basi naenda nacho mwenyewe. Chapati zitangoja. Na ukinirudishia, unirudishie na mwenzake."

Alhamisi walikuwa wawili kibandani. Hanifu alishika disketi ya saba kwa vidole viwili, akaipuliza, wote watatu wakapiga chafya.

"Hii ikiingia hivi itaua mashine," akasema. "Ila roho yake huenda ni nzima. Unga hauna sumaku." Akachukua moja ya zile kumi na moja, akaipasua kingo kwa kisu chembamba, taratibu kama mtu anayefungua boga lisimwagike mbegu, akatoa kiduara chembamba cha kahawia kilichokuwa ndani, akakitupa. Kisha akaipasua ya saba, akakitoa kiduara chake, akakipangusa kwa pamba, akakilaza ndani ya ganda safi.

"Amemvisha mwingine nguo," Mwanamvua akanong'ona.

Kuku akachakura. Akanyamaza. Akachakura tena, akanyamaza kwa muda ambao Priska aliutumia kusema Baba Yetu hadi nusu. Kisha maandishi yakatokea kwenye kioo, yamechanganyika na vialama vya ajabu kama sisimizi, lakini katikati ya sisimizi yalikuwa maneno, tena maneno ya mtu aliyemjua. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, liliandikwa neno SIRI.

Hanifu akainuka hapo hapo. "Mama, mimi nakwenda kuchota maji."

"Soma kwa sauti," Mwanamvua akasema.

"Imeandikwa siri, mama Khairat."

"Siri gani, nayo imekaa kwenye unga wangu miaka yote hii!" Lakini akageuka, akaanza kuhesabu redio za Hanifu kwa sauti ili ionekane hatazami.

Octavian alikuwa karani hadi kwenye mifupa. Hata maneno ya baba yake mzazi aliyaandika kama barua ya serikali.

*SIRI. Kumb. Na. UK/BABA/1. Tarehe 4 Julai, 1999. YAH: ASILI YA BABU CHILONGANI. Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*2. Baba, Mzee Matonya, ameeleza leo kuwa Chilongani hakuzaliwa katika ukoo huu. Aliletwa mwaka wa njaa ya Mtunya, akiwa wa miaka kama minne, na mama aliyekuwa akipita kutoka magharibi akiwa hoi. Mama huyo alimwacha kwa baba wa Mahinyila, akapewa uwele wa kumfikisha mbele. Hakurudi. Mtoto alilelewa sawa na Mahinyila, wakala sahani moja, na hakuna aliyemwita mgeni.*

*3. Baba ameagiza jambo hili lisitangazwe, ila lisipotee, kwa ajili ya siku ambayo watoto wa nyumba mbili watapendana.*

Priska akapangusa miwani kwa upindo wa khanga. Akamwona yule mama wa magharibi, akiwa na uwele kwenye nguo, akienda bila kugeuka nyuma, na akamwombea palepale, ingawa alishachelewa miaka mia na zaidi. Kisha moyo ukamrukia Erica, ukacheza. Kisha akateremka hadi mwisho wa ukurasa, pale ambapo makarani huandika wale waliopelekewa barua, akasoma mstari mmoja mara mbili.

*Nakala: 1. Kaka Thobias (amesomewa kwa mdomo, ameelewa, ameomba lisisemwe). 2. Faili.*

"Vipi?" Mwanamvua akauliza, amefika redio ya ishirini.

"Si ndugu," Priska akasema.

Mwanamvua akapiga kigelegele hadi wachuuzi wa nyuma ya soko wakachungulia. Hanifu akarudi mbio na ndoo tupu. Akachapa nakala moja bila kuitazama, akaweka nakala nyingine kwenye flashi, na Priska alipomshukuru kwa kikapu cha zabibu akaambiwa zabibu hizo ndizo malipo na asithubutu kufungua mkoba. Disketi mbili mbovu zikaondoka na Mwanamvua kwenda kwenye unga.

Njiani Priska hakuzungumza sana. Angeweza kumpelekea mchungaji ile karatasi jioni hiyo hiyo. Angeweza kuisoma kwenye kikao, mbele ya kile kiti cha mbele, na Mungu amsamehe, njiani kati ya mjini na nyumbani aliisoma hivyo mara tatu kichwani, na kila mara kwa sauti nzuri zaidi. *Umeolewa tu hapa.* Lakini alikuwa amekaa na familia ile miaka arobaini na alimwelewa shemeji yake. Thobias hakuwa na uovu na Erica. Alikuwa amewataja wale mababu saba kwa muda mrefu hivi kwamba akawa wao, na Denis alipoingia na Mahinyila wake, hapakuwa na njia ya kusema "oaneni" bila kusema "mimi si wa hapa". Akaona afadhali ndoa ife.

Ijumaa saa tisa alasiri akamwita, peke yake. Erica alikuwa kazini. Mwanamvua alitumwa mbali kwa makusudi, akaenda kwa manung'uniko.

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Kama ni ile karatasi ya mchungaji, nimeshasema."

"Ndiyo hiyo, na nyingine. Kunywa chai kwanza."

Thobias hakunywa. Priska akamwekea mezani karatasi mbili na kalamu, akakaa, akaanza kuchambua mchele kwenye ungo, maana hakutaka kumtazama mtu mzima usoni wakati anasoma kitu kama kile. Alisikia karatasi ikiinuliwa. Alisikia pumzi. Ungo ulizunguka mara nyingi.

"Hivi vitu havisomeki siku hizi," Thobias akasema hatimaye. "Nilidhani havisomeki."

"Kumi na moja hazisomeki. Hiyo moja ilikuwa kwenye unga."

Akasoma tena, na Priska akajua amefika kwenye Nakala, kwa sababu mguu wake ulioanza kutikisika uliacha.

"Nani wameiona?"

"Mimi. Fundi alikwenda kuchota maji. Mama Khairat alikuwa anahesabu redio."

"Na mchungaji?"

"Mchungaji anataka sahihi tu, hakuomba historia." Akatoa kijiwe, akakitupa uani. "Shemeji, mimi uongo sisemi. Nikiulizwa nitajibu. Nisipoulizwa, nina nguo za kufua na mizabibu ya kupogoa. Mzee Matonya alisema lisitangazwe na lisipotee. Yote mawili nayaweza."

"Wataniuliza kwa nini nimegeuka."

"Utawaambia umechunguza zaidi. Si ndivyo ilivyo? Tena mimi naona hivi: babu Chilongani aliitwa mwana wa nyumba ile na wenye nyumba wenyewe. Wao hawakumwondoa. Nani leo atakuondoa wewe?"

Thobias aliinua macho. Akamtazama, na kwa muda mfupi alifanana sana na mdogo wake, kiasi kwamba Priska alilazimika kurudi kwenye mchele.

"Uliolewa vizuri, mama Erica," akasema.

Kalamu ikakwaruza karatasi, polepole, sahihi ndefu ya mtu wa shule za zamani. Akaisukuma karatasi ya kanisa upande wa Priska. Ile nyingine akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kisha akainuka kwenye kochi, akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.